Kidevu Kinajua Tarehe

Kazanlak, Februari. Theluji imegoma kutoka dirishani,
na kidevu changu hakiulizi kalenda.
Siku tano kabla sijaingia mwezini
huchomoza chunusi mbili, pacha,
upande uleule wa kushoto,
kama wapangaji waliobaki na ufunguo.

Mwezi uliopita nilizikamua.
Kisha ndimu, maana Genka wa posta aliapa kwa ndimu.
Iliniwasha hadi nikamtukana Genka mbele ya kioo,
na alama bado ipo, rangi ya divai.

Leo nina adabu.
Nimechemsha kamomili, nikaiacha ipoe barazani,
nikachovya kitambaa, nikakibandika,
nahesabu mpaka mia.
Halafu marashi ya waridi ya mama mkwe,
huyakeneka mwenyewe kila Juni na huyatoa kwa uchoyo:
matone matatu.
Mikono naikalia.
Hiyo ndiyo dawa chungu.

Mlango unafunguka bila hodi. Radina,
miaka kumi na miwili, nywele zimeshushwa hadi puani.
"Mama, kuna kitu."
Ananyanyua nywele.
Kadogo, kekundu, katikati ya paji.

Nilikuwa na mengi ya kusema: damu, mwezi,
hesabu isiyofungwa hadi uzeeni.
Nikachana kitambaa vipande viwili.

Tumelala chali, maji yanatutiririka masikioni,
kitanda kizima kinanuka bustani.
"Itaondoka?"
"Itaondoka."
"Itarudi?"
Natazama dari.
"Wewe usiiguse tu."