Kitufe cha Endelea

Maswali sitini na matatu.
Niliyapanga mwenyewe, Mbeya mjini, Forest Mpya,
ghorofa ya pili, dirisha likitazama Loleza,
kila swali na kijisanduku chake,
kila kijisanduku na kivuli chake cha kijivu,
nikajisifu: safi.

Kisha Atuganile, mhudumu wa afya wa Isongole,
akapiga simu. Salamu zake zilikuwa fupi.
"Mwakitalu, hii kazi yako
umeshawahi kuishika mikono ikiwa na ganzi?"

Nikapanda. Mwezi wa saba.
Ukungu ulilalia viazi hadi saa nne,
mlima Rungwe ukawa wa kukisia tu.
Tukakaa jikoni kwa mama Tumpe:
moshi, kande motoni, paka,
mtoto anayetukodolea macho tangu mlangoni.

Atuganile akampa kishikwambi ajibu mwenyewe,
ndivyo mradi ulivyotaka.
Gumba lake limepasuka kwa jembe na baridi,
nyufa zimejaa udongo mweusi usiosikia sabuni.
Akabofya. Kioo hakikumjua.
Akabofya tena, kikashika kitufe cha jirani,
na papo hapo, kwa mujibu wa kumbukumbu zetu,
kaya ya mama Tumpe ikawa inakunywa maji ya chupa.

Tulicheka sana.
Majibu kumi na manne ya swali moja la maji,
orodha inashuka, inashuka, kama njia ya mtoni,
na mto wenyewe ni wa kumi na tatu.

Swali la arobaini na moja hatukucheka.
*Katika miezi kumi na miwili iliyopita,
kumetokea kifo ndani ya kaya?*
Ndiyo.
*Tarehe.* Pembeni nyota nyekundu: lazima.
"Ilikuwa tunapalilia maharage,
wiki ile daraja lilipochukuliwa na maji.
Alhamisi. Hapana. Siku ya gulio."
*Tarehe si sahihi,* kikasema kioo. *Jaribu tena.*
Akajaribu tena.

Maneno hayo niliyaandika mimi,
Jumanne moja, nikisubiri chai ipoe.

Nikarudi mjini, wiki tatu nikifuta.
Kihwele wa takwimu aliililia kila safu
kana kwamba namega shamba la babu yake.
"La aina ya paa liache! La redio je?"
Yakabaki kumi na tisa.
Vitufe vikawa vipana, gumba lolote litapata pa kutua.
Mto ukapanda juu kabisa ya orodha.
Tarehe ikawa misimu: kupanda, kupalilia,
kuvuna, baridi.
Na chini ya Ndiyo na Hapana, kwa kimo kilekile,
nikaweka Sijui,
maana kabla ya hapo asiyejua tulimlazimisha kudanganya.

Mwezi wa kumi nikapanda tena.
Jiko lilelile. Paka amezaa.
Gumba likagusa, kioo kikalitambua,
mama Tumpe akanitazama kama mtu aliyelipwa deni la zamani.
Maji: mto. Choo: kipo. Chandarua: kimoja, kimetoboka.
Kifo: ndiyo. Msimu: kupalilia.
Kikakubali bila ubishi.
Ukurasa ukabaki mweupe, na kitufe kimoja, kikubwa,
cha kijani, kazi ya mikono yangu:
*Endelea.*

"Niendelee wapi?"

Hakuniuliza mimi. Alikiuliza kile kioo.
Atuganile akakichukua taratibu,
akakilaza kifudifudi juu ya benchi.
Kande ikachemka. Hakuna aliyeinuka kuipunguzia moto.

Neno hilo bado lipo.
Nimejaribu *Mbele.* Nimejaribu *Haya.*
Usiku mmoja niliandika *Pole,* nikaona haya, nikafuta.
Nilichoweza ni kulichelewesha:
sekunde nane za weupe mtupu
kabla kitufe hakijajitokeza.

Kila Ijumaa Kihwele ananiuliza
kwa nini ukurasa ule mmoja ni mzito kufunguka.
Namwambia ni mtandao,
unajua tena huko milimani.