Alama za Chaki

Mwaka wa kwanza nilipewa nafasi ya maiti.
Mwalimu Lamzira alinitazama toka kisigino hadi utosi,
akasema: wewe, Guranda, unajua kunyamaza.
Basi nikalala juu ya meza ya darasa la kemia
tuliyoiteremsha ngazi watu wanne
hadi chumba cha zamani cha makaa, ndiko jukwaa letu,
Kutaisi, mwezi wa pili,
theluji ikiziba kidirisha kimoja tulichokuwa nacho.

Dakika kumi na moja nililala.
Wenzangu wakanililia, wakagawana urithi wangu,
wakatupiana maneno juu ya pua yangu.
Maiti hana la kufanya ila kusikiliza.
Nikajua nani anasema kweli
na nani anangoja tu zamu yake ya kusema.
Hilo husikika hata ukifumba macho.
Hasa ukifumba macho.

Mwaka wa pili nikapewa maneno tisa.
Niliyasema yote kwa pumzi moja.
Bibi yangu Eteri alikaa mstari wa tatu; nyumbani akaniuliza,
"Ulikuwa unakimbizwa na nani?"

Mwaka wa tatu, daftari lenye jalada la buluu,
mchezo mzima ndani yake.
"Ongoza."
Nikaongoza. Mungu anisamehe jinsi nilivyoongoza.
Niliichora sakafu kwa chaki: Lasha hapa, Mzevinar pale,
hatua tatu, geuka, huzunika.
Nilimwonyesha kila mtu kila kitu,
kikohozi cha mzee, aibu ya bibi harusi,
namna ya kushika glasi, namna ya kutoishika.
Sauti yangu ikatoka kwenye vinywa saba.
Wakawa Guranda saba, na mchezo ukadoda.

Mwalimu hakunigombeza. Alinipeleka kiti cha nyuma kabisa,
karibu na jiko la kuni,
akaniambia nikalie viganja vyangu.
"Juma zima. Ukitaka kuonyesha, uliza."
Viganja vikafa ganzi. Ulimi ukaniwasha.

Aliyenishinda alikuwa Murman, mtoto wa mwoka mikate.
Anaagwa na baba yake anayekwenda ng'ambo kutafuta kazi,
naye kasimama kama nguzo ya umeme.
Nilikwisha kumwambia: lia. Nilikwisha kumpigia kelele: lia!
Siku ya nne ya kukalia viganja nikamuuliza,
"Kwenu, mtu akiondoka, mikono yako hufanya nini?"
Akafikiri. Kuni zikapasuka jikoni.
"Hukanda," akasema. "Alfajiri ile kaka alipoondoka
nilikanda unga wa watu mia mbili."
"Kanda basi."

Usiku wa onyesho, baba akabeba sanduku
na Murman akasahau maneno.
Niliyaona yakimtoka usoni
kama taa za ghorofa zinavyozimwa, dirisha baada ya dirisha.
Mimi nilikuwa nayo. Yalikuwa mdomoni mwangu, ya moto.
Nikayameza.

Akaanza kukanda hewa.
Akabonyeza, akakunja, akageuza, akabonyeza,
mabega yakaingia kazini,
na Lasha, mvivu yule, asiyewahi kumtazama mwenzake jukwaani,
akaliweka sanduku chini
akasimama kumwangalia mwanawe
akiandaa mkate wa safari usiokuwepo.
Sikulipanga hilo. Wala daftari halikulipanga.
Ukumbini mtu alikohoa, kisha akajuta kukohoa.

Watu walipokwisha kwenda nikashuka na ufagio.
Taa moja. Harufu ya makoti mabichi.
Alama zangu za chaki zilikuwa pale pale,
misalaba ishirini na miwili, myeupe, safi:
hakuna mguu uliokanyaga hata mmoja.
Nilifagia nikiikwepa.
Kisha nikarudi nikaifuta kwa soli ya kiatu,
mmoja mmoja, bila haraka.

Bibi alikuwa akiningoja nje kwenye baridi,
kitambaa chake kimejaa theluji.
Hakuniuliza kitu.