Rangi ya Gauni

Jumapili alasiri sinema ilikuwa yetu wanawake.
Mama mmoja wa Kibohora alichana tikiti mlangoni,
na mtoto wa kiume ajuaye kufunga kamba za viatu
alirudishwa nje.
Ndani mabuibui yalishuka mabegani,
watoto wakagawiwa mabuyu wanyamaze,
taa ikazimwa.

Ndipo akatoka yeye.
Jina lake la kwao lilitushinda, ulimi ulijikwaa njiani,
tukamwita Bi Kope.
Alishuka ngazi ndefu kama Ndia Kuu,
mkono ukingoni, hana haraka,
kama mtu aliyekwisha kulipa madeni yake yote.

Na lile gauni!

Picha yenyewe ilikuwa nyeusi na nyeupe,
na baina yake kijivu cha kila namna:
cha njiwa, cha jivu la sigiri,
cha mvua ikivuka kutoka Likoni.
Batuli akanidunga kwa kiwiko:
"Kijani hicho. Kijani cha jani la mgomba."
Nunu, nyuma yetu: "Wapi! Zari ile haikai juu ya kijani.
Zambarau hiyo."
"Nyamazeni, yuwalia!"
Ukumbi mzima ukalia naye.

Amria ndiye aliyesoma, alitufasiria kwa sauti.
Bwana Kofia alipoinama dirishani mwa garimoshi
Amria akasema: "Amwambia, nitakungoja hata meno yaning'oke."
Miaka mingi baadaye, Kizungu kimenikaa,
nikajua alikuwa amemuuliza saa.
Sikumlaumu. Amria alikuwa na mume wa bandarini
aliyezungumza kama risiti.

Niliwapenda wote.
Bwana Kofia, aliyewasha sigara kama anayetoboa siri,
yule mnene aliyeanguka kila Idi asivunjike mfupa,
yule mrembo mbaya, mwenye nyusi za wino,
ambaye tulimzomea na kurudi nyumbani
tukijifunza kutembea kama yeye.
Lakini Bi Kope nilimwendea mara tatu wiki tatu:
mara ya kwanza kwa uso,
ya pili kwa mikono ya gauni,
ya tatu kwa mgongo tu,
uonekanao kope moja, anapogeuka mlangoni.

Kisha nikatandika magazeti sakafuni Kibokoni,
nikakata.
Batuli nikamshonea kijani, Nunu zambarau.
Bibi harusi mmoja wa Kuze alitaka waridi,
mama yake akalia, akalipa.
Harusini wakaketi Bi Kope watano juu ya mkeka mmoja,
kila mmoja akiwatazama wenziwe wanne
kwa huruma.

Ukumbi sasa wauza magodoro.
Batuli hayupo. Nunu yupo, lakini huniita kwa jina la mamangu.

Juzi mjukuu wangu, Swabir, akaniletea simu.
"Bibi, wameitia rangi. Gauni lilikuwa samawati."
Nikatazama. Bi Kope mdogo kama stempu
akishuka ngazi kuelekea kidole changu,
amevaa rangi ya ukuta wa zahanati.
"Nani kakwambia?"
"Mashine imekisia."
Imekisia! Hata sisi tulikisia,
lakini tulikisia kwa shilingi zetu,
na tuligombana hadi Makadara, viatu mkononi.
"Itoe hiyo rangi," nikamwambia.

Akagusa. Kijivu kikarudi,
kikanywea usoni mwake kama maji mchangani.
Akafika mlangoni, akageuka,
na pale chini ya bega la kushoto
nikaona nilichokikosa mara tatu:
mshono umevutwa, kitambaa kimekunjana kidogo,
sindano ya mkono, si ya cherehani,
ya mtu aliyeharakishwa,
labda usiku, labda na uzi mdomoni,
huku mtu mlangoni akimwita kwa hasira.

Hakuna aliyemtaja fundi huyo.
Hata Amria, aliyetunga nusu ya maneno, hakumtunga yeye.

"Rudisha nyuma," nikamwambia Swabir.
"Lete miwani yangu.
Rudisha tena."