Funga Macho

Jumatano ni siku ya ngozi.
Mvua ya Tukuyu haina siku, imeingia nao,
inachuruzika kwenye makoti, kwenye mikungu ya ndizi
waliyoiegesha mlangoni ili wakitoka wawahi gulio.

Mtoto wa Andongolile, kichwa kimejaa mashilingi,
sarafu zisizonunua hata andazi.
Mama anacheka, nami nacheka. Mtoto hacheki:
amenyolewa kwa mashine ya kaka yake.

Kisha ukoo wa Mwakalukwa, sita kwa mkupuo,
wanajikuna katikati ya vidole.
Upele ni deni la nyumba, nawaambia,
mnalilipa wote, usiku mmoja,
kuanzia shingoni hadi nyayoni, na mablanketi yachemshwe.
"Na babu?" Na babu.
"Babu hakubali kupakwa."
Basi mtaendelea kujikuna kwa heshima.

Binti wa saluni ya stendi amejitanda mtandio mpaka puani.
Shavu limekuwa jembamba kama ganda la kitunguu,
mishipa yote inaonekana.
Namuuliza jina la krimu. Ananitajia bei.

Haya nayasoma hata nikiwa na usingizi,
kama mtu asomavyo kibao cha duka la kwao.

Lakini wewe, Tusekile mchuma chai,
baka lako la mkononi niliandika "fangasi" mara tatu.
Daftari hili hapa: Machi, Mei, Agosti.
Mwandiko ni wangu. Tyubu tatu,
nami nimekaa ng'ambo ya meza,
mikono mfukoni kwa baridi.

Leo umekuja na jeraha la moto juu ya baka.
"Sufuria ya maharage. Nilianza kusikia harufu,
nikadhani jirani anababua kuku."
Ukacheka.

Nimevuta kiti nikaja upande wako.
Nimenyofoa unyuzi wa pamba.
Funga macho, Tusekile. Nikikugusa, onyesha kwa kidole.
Gumba: hapo.
Shavu: hapo.
Juu ya kifundo: hapo.
Pembeni mwa jeraha, ndani ya baka:
mvua juu ya bati.
Nikarudia.
Mvua juu ya bati.
Uso wako umetulia, kama mtu anayengoja kuitwa jina,
na mimi nilikuwa nimeshakuita.

Nyuma ya kiwiko nikapapasa mshipa,
umenenepa kama kamba ya kuanikia nguo.

Kuna neno. Bibi yako alilinong'ona,
enzi zake watu walijengewa vibanda ng'ambo ya mto kwa ajili yake.
Nimelitamka nikiwa nimekushika mkono,
maana likisemwa kutoka ng'ambo ya meza linakuwa neno jingine.
Ukoma.
Hukuuvuta mkono. Ulitazama ndizi zako.

Dawa ni bure. Vidonge vya kwanza utavimeza hapa, nikiona.
Mkojo utakuwa mwekundu, usishtuke.
Ngozi itakolea, majirani watasema umeshinda juani.
"Juani, Tukuyu hii?"
Angalau hapo tulicheka wote.
Kikombe chako usikitenge. Mume usimhamishe kitanda,
mlete tu, na watoto, niwaangalie mmoja mmoja.
Baka litafifia. Hisia, siwezi kukuahidi.
Kuanzia leo sufuria ishike kwa kitambaa,
na jioni, kwenye mwanga, ikague mikono
kama unavyokagua mbegu za maharage:
macho yafanye kazi ya vidole.

Ukasema ndaga. Ukajitwisha mkungu.
Mlangoni ukageuka, taratibu, ili usimwagike:
"Daktari, zile mara tatu,
mbona hukunigusa?"

Mvua juu ya bati.