Mdakaji Hakuitwa

Saa tisa za usiku, kiwanda cha mikate, Erie.
Tanuri mbili zimezimwa zipoe,
nasi wanne tumeketi juu ya magunia ya unga
tukigombania orodha.

Radamés kaileta kwenye simu yake yenye ufa.
Kaisoma kama mtu anayesoma wasia
akijua hakuachiwa kitu:
Timu ya Nyota, jina baada ya jina,
na kila jina lilipotua, Bernadine alifyonya.

"Prater hayumo?"
"Hayumo."
"Soma tena."
Akasoma tena. Orodha haikuona haya.

Bernadine Wieczorek, miaka thelathini na mmoja kwenye mstari wa skonzi,
magoti yote mawili ya chuma,
akashuka guniani, akachuchumaa palepale kwenye vumbi la unga,
kiganja cha kushoto mbele, kimekuwa glavu.
"Hivi," akasema. "Mara mia na hamsini kwa mechi moja.
Mpira unakuja maili tisini na tano kwa saa, umepotea njia,
naye anaurudisha katikati polepole
kama mama anayemfunika mtoto shuka bila kumwamsha,
na mwamuzi anaapa ulipita sawasawa.
Hilo limeandikwa wapi kwenye namba zenu?"

Ilibidi tumwinue watu wawili.

Tika ndiye mwenye namba. Ana daftari.
"Prater anapiga mia mbili na kumi na tisa," akasema.
"Bibi yangu haoni, na angempita."
"Kura!" Radamés akadakia. "Jiji kubwa lina watu milioni nane.
Sisi tuna ziwa. Ziwa halipigi kura.
Na Bermúdez je? Nani anamlilia Bermúdez?"
"Wewe, kwa sababu anatoka Ponce."
"Anatoka Ponce na anastahili!
Mtu hawezi kuwa vyote viwili?"

Mimi sikuzaliwa na mchezo huu.
Miaka mitatu ya mwanzo niliwaona
watu wazima waliovaa sare wakisubiri basi.
Sasa nabishana hadi mate yanikauke.
Lakini neno lile, nyota, linanikwama.
Kwetu nyota si cheo cha kupigiwa kura;
mtu anayo, au hana.
Kuna anayeng'aa hata akipiga miayo,
na kuna ambaye yake imefunikwa,
afanye kazi hadi vidole vipinde,
watu watamsifu mrushaji.

Hilo sikulisema. Nilisema tu,
"Mcheza kwao hutunzwa."
Wakataka maana.
Nikawaeleza: ukicheza ngoma kwenu, ukacheza vizuri,
mtu huinuka kitini mwake
akaja kukubandika noti kwenye paji la uso
mbele ya wote, jasho likiishika.

"Na huyu kwao ni wapi?" Tika akauliza.
Hakuna aliyejibu. Friji kubwa ikanguruma, ikanyamaza.
Huyu kazaliwa mbali, jangwani huko, nadhani Nevada.
"Msimu wa kumi na mbili huu yuko kwetu," akasema Bernadine.
"Kwao ni hapa."

Kando ya saa ya ukutani kuna kalenda ya timu.
Ni Julai, lakini ukurasa bado ni wa Aprili
kwa kuwa Aprili ni Prater,
kinyago kakipandisha kichwani,
anacheka na mtu asiyeonekana kwenye picha.
Bernadine akamega donge la unga uliokandwa,
akambandika dola moja, katikati ya paji.
Radamés akaandika BERMÚDEZ kwenye kona, herufi zinapanda mlima,
akabandika ya kwake chini yake.
Mimi nilikuwa na noti ya tano tu. Nikaisikitikia kidogo.
Nikaibandika.

Kengele ikalia. Tika alikuwa bado anapekua mifuko,
anahesabu, anarudia kuhesabu,
kisha akagandisha sarafu nne kwenye kidevu cha Prater:
moja ya kumi, mbili za tano, na—akasita—mbili za shaba.
Tukamwambia hizo ni tano.
"Senti ishirini na mbili," akasema, akifunga aproni.
"Ni wastani wake. Nimemkadiria juu."