Kishikizo

Saa nne za usiku, Pasto. Mvua ya mawe imenyamaza juu ya mabati
na Nubia Chalapud bado hajavua koti jeupe.
Chini ya lenzi: kipande cha tumbo la mama yake,
chembamba kupita ngozi ya kitunguu.

Daktari alinyofoa vinne. Kimoja alikiomba yeye.

Vijidudu amevitia rangi ya kijani, akavimwaga juu yake,
akasuuza mara tatu.
Maji yameondoka.
Vyenyewe vimebaki, vimejipinda kama parafujo.

Watu husema tumbo ni moto, asidi yake hula hata msumari.
Kweli. Lakini hivi havikai motoni, hupita tu,
hutoboa ute, hushuka hadi kwenye kitambaa chenyewe,
na huko, juu ya kila seli, vinaning'inia vitanzi vya sukari
(si sukari ya kahawa, mama, usiache kahawa yako),
fukosi moja huku, nyingine pale,
mshono ule ule wa damu ya kundi O
uliovaliwa na nyanya yake na nyanya wa nyanya yake
tangu Túquerres haijajua kengele ya kanisa.
Kijidudu kina kishikizo cha protini.
Kinaingia. Tik.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Huyu hakuusikia msemo huo. Mwaka wa hamsini na sita haondoki,
wala jembe hajashika.

Eudoxia, fundi wa ruana na suruali za shule,
hubana vishikizo midomoni anaposhona.
Kwa midomo hiyo alitafuna viazi, akavipoza kwa pumzi,
akamlisha binti asiye na meno.
Basi vitanzi alimrithisha kwa damu,
na kishikizo akampa kwa mate.
Nubia hajajipima. Anajua.

Kioo cha pili. Safari hii ametanguliza sukari ile ile,
iliyo huru, isiyoshonwa popote.
Vijidudu vimeidaka, vimejaa mikono,
na kitambaa cha mama kimebaki cheusi, kitupu,
kama anga juu ya Galeras.
Kwenye kioo, lakini. Kioo si tumbo.
Anaandika hivyo daftarini, anapiga mstari.

Simu inatetemeka.
"Umekula?"
"Bado. Vidonge umemeza?"
"Vyote vinne. Vichungu kama shubiri.
Njoo, nimekubakizia viazi."