Chupa ya Jamu

Watu wa Gimli huniletea maji yao
katika chupa za jamu, katika chupa za watoto,
mara moja katika chupa ya chai yenye nembo ya timu ya magongo.
Ni Januari. Ziwa limeganda,
malori yanapita juu yake kama barabarani,
na hawa wana mabwawa uani, membamba,
yenye mkondo unaokusukuma nyuma
ili uogelee saa nzima usifike popote.

Nadondosha matone matatu, natikisa.
Yakigeuka waridi nasoma:
hapa kuna mafuta ya kuchulia mgongo,
hapa nguo ya kuogelea haikusuuzwa sabuni,
hapa kuna kijana aliyekojoa na hatasema.
Maji hayafichi. Maji ni mbea.

Leo amekuja Sigurlaug Bergsteinsson,
miaka sabini na minne, nyonga mpya ya chuma,
akaiweka chupa yake mezani
kama mtu anayeweka amana.
"Bwawa limefika juzi. Niambie nitie nini.
Kijana wa Winnipeg amenipa orodha,
na kila dawa anaisifu kama mshenga."

Mchagua jembe si mkulima, nilitaka kusema;
lakini jembe hatulali nalo majini
mdomo wazi, macho wazi.
Basi nikamweleza.

Klorini ni mtu wa hasira za karibu,
hupiga papo hapo, na jua humuua upesi,
ila huku kwetu jua lenyewe ni mgeni.
Bromini ni mvumilivu, joto halimtishi,
lakini ngozi ikishamkataa
hakuna suluhu, hata mleta wazee.
"Na chumvi?" Chumvi, mama,
ni klorini aliyevaa mtandio:
mashine inampika mle mle ndani,
halafu anaanza kutafuna vyuma.
"Nina chuma changu tayari," akasema, akajipiga nyonga.
Ozoni, na ile taa ya zambarau,
ni walinzi wa zamu. Wema, sikatai.
Ila mlinzi hulinda alipo,
na mwizi hupita asipokuwapo.

Hakuwa akisikiliza tena.
"Nataka isiyonuka," akasema.
"Gunnsteinn alifundisha watoto kuogelea
miaka arobaini. Mto ulinuka.
Gari lilinuka. Mkate alioukata ulinuka.
Nilimwambia, wewe mwanamume, unanuka dawa,
kaoge tena. Naye akaenda, akaoga tena."

Nami, mdomo wangu hauna breki,
nikasema: klorini iliyo safi hainuki hivyo.
Kinachonuka ni ile iliyokwisha kazi,
iliyokumbatiana na jasho na mikojo,
ikachoka, ikapanda hewani.
Ile si harufu ya dawa.
Ni harufu ya waliokuwa majini.

Theluji ya buti zake ilikuwa inayeyuka sakafuni.
Aliitazama mpaka ikawa maji.
"Kwa hiyo," akasema, "miaka arobaini
alikuwa ananinukia watoto."

Akanunua klorini ya unga, kopo dogo.
Nikamwandikia kwa herufi kubwa:
kijiko kimoja baada ya kuogelea,
kifuniko wazi dakika ishirini,
usiichanganye na dawa nyingine hata siku moja,
na kila Jumapili zidisha,
ili uchome ile iliyochoka.

Alifika mlangoni, baridi ikaingia kabla hajatoka.
"Hiyo ya Jumapili. Nikichelewa
mpaka Jumatatu?"

Nina cheti ukutani, kina muhuri.
"Jumatatu," nikasema, "haidhuru."

Chupa yake aliiacha.
Kibandiko bado kipo: *plamu, Agosti,*
mwandiko wa mwanamume, mwaka umefutika.
Nimeisuuza mara mbili.
Sijaitupa.